Tamthilia za Nyimbo Chini ya Mlima Meru

Uwanja wa Sheikh Amri Abeid na Makumbusho ya Azimio la Arusha ni majirani. Kutoka kimoja hadi kingine ni mwendo mfupi wa miguu. Vijana wengi wanaoingia uwanjani kushangilia mpira wanalijua jina hilo kuwa ni la uwanja, basi. Kaluta Amri Abeid, mzaliwa wa Ujiji, alikuwa mshairi. Mwaka 1954 alitoa kitabu cha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akaeleza vina na mizani kwa namna ambayo walimu wa Kiswahili wanaifuata hadi leo. Baadaye akawa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, kisha waziri aliyeshika masuala ya utamaduni wa taifa, na akafariki mwaka 1964. Jirani wa uwanja huo, yaani makumbusho, lilikuwa jumba la mikutano ya watu wa kawaida. Humo ndimo Halmashauri Kuu ya TANU ilipokaa kuanzia tarehe 26 hadi 29 Januari 1967, na mnamo tarehe 5 Februari Azimio la siasa ya ujamaa na kujitegemea likatangazwa.

Ushairi na siasa walikaa mlango kwa mlango namna hiyo, na wao ndio waliozaa jukwaa ninalolisimulia hapa: michezo ya kuigiza iliyobebwa na nyimbo, kwaya, ngoma na ngonjera. Wapo wanaodhani michezo hiyo ilikufa pamoja na siasa iliyoilea. Sehemu kubwa ilikufa kweli, na sioni haja ya kuililia. Lakini iko sehemu iliyobaki hai, na naamini mtazamaji wa leo wa Sakina, Ngaramtoni au Usa River akiiona jukwaani ataielewa upesi, pengine kuliko babu yake alivyoielewa.

Kabla ya Azimio, chini ya Mlima Meru palikuwa na majukwaa mengi yasiyokutana. Waarusha na Wameru walikuwa na ngoma zao za jando, za ndoa na za vijana wa rika. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walileta uimbaji wa sauti nne. Mwanzo wao ulikuwa wa damu: wamisionari wawili, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri mwaka 1896, na Wajerumani wakalipiza kisasi kikali. Miaka michache baadaye boma lilisimama Arusha, na mwaka 1902 misheni ikafunguliwa Nkoaranga. Kutoka Nkoaranga kwaya zilitambaa hadi kila mtaa wa mlima, na pamoja nazo maigizo ya Krismasi na Pasaka. Mchungaji akiwa Herode, mwinjilisti akiwa Yusufu, na kwaya nzima ikiwa malaika, watu walizoea kuona hadithi ikisimuliwa kwa kuimbwa. Mjini, walowezi nao walikuwa na klabu yao ya Little Theatre, na watoto wao walikuwa na Arusha School tangu mwaka 1934. Huko iliigizwa michezo ya Kiingereza. Mwafrika aliyefika hapo mara nyingi alifika kama mtumishi.

Halafu likaja jambo la Engare Nanyuki. Novemba 1951 serikali ya kikoloni iliwahamisha Wameru karibu 3,000 kutoka upande wa kaskazini wa mlima ili ardhi yao igawiwe walowezi. Nyumba zilichomwa na mifugo ikaswagwa. Mwaka uliofuata, Kirilo Japhet alisafiri hadi New York na kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake, jambo ambalo hakuna Mtanganyika aliyelifanya kabla yake. Umoja wa Mataifa haukuirudisha ardhi ile. Lakini jina la Meru lilizunguka Tanganyika nzima, na madai ya ardhi yakawa madai ya uhuru. Kirilo na wakili Earle Seaton waliandika kitabu juu ya kesi hiyo, kikatoka mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio. Ismael Mbise, mwana wa Meru, akaiandikia riwaya mwaka 1974. Nimelitaja jambo hili kwa sababu ardhi itarudi tena na tena katika simulizi hii. Ndiyo inayomgusa mtazamaji wa mlima huu kuliko kitu kingine chochote.

Siku moja baada ya nchi kuwa Jamhuri, tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Aliwasikitikia wasomi waliojua dansi za Ulaya huku wakiwa hawajui ngoma za kwao. Yaliyofuata yalikuwa makundi ya taifa: kwanza la ngoma, baadaye la sarakasi, na mwaka 1974 la maigizo. Lakini chombo kilichofika kila kijiji hakikutoka kwenye kundi la taifa. Kilitoka kwa Mgogo mmoja wa Dodoma.

Mathias Mnyampala alikuwa mshairi na kiongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Azimio lilipotangazwa vijana walitembea kwa miguu kuliunga mkono, na mmoja wao, Seth Benjamin, alifia njiani akielekea Dar es Salaam kutoka Arusha. Mwaka 1968 Mwalimu aliwakutanisha washairi, akawaomba waifikishe siasa mpya kwa wananchi kwa njia ya sanaa yao. Mnyampala aliitikia kwa ngonjera. Alifariki mwaka 1969, na kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka uliofuata.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuiona, ngonjera ni shairi la majibizano linaloigizwa. Wanafunzi wanasimama safu mbili, sare zimepigwa pasi, mikono nyuma. Upande mmoja ni wa asiyejua au mbishi: mvivu, mnyonyaji, mzazi anayekataa kumpeleka binti shule. Upande wa pili ni wa aliyeelimika. Anayeghani anapiga hatua mbele, ananyoosha mkono, anasema ubeti wake, anarudi. Mara nyingine kiitikio kinaimbwa na wote, na hapo ndipo watazamaji wanapoingia, kwa kuwa kiitikio hakina mwenyewe. Mwisho mbishi anakubali. Kila siku ya kufunga shule, kila ugeni wa mkuu wa wilaya, kila Sabasaba palikuwa na ngonjera. Shule ilikuwa jumba la maigizo la nchi, na halikuhitaji pazia wala taa.

Lakini ukweli usemwe. Nyingi kati ya ngonjera hizo zilikuwa sifa tupu. Mbishi alikuwa dhaifu tangu ubeti wa kwanza. Alikuwa amewekwa pale ili ashindwe. Chama kikibadilisha neno, ngonjera nayo ilibadilishwa neno. Sanaa ya namna hiyo ina umri wa yule anayesifiwa, na akiondoka inabaki kuwa karatasi. Mtu akinishawishi leo tuzifufue zote, nitakataa. Ninachokitetea ni umbo lenyewe, watu wawili wakibishana kwa mizani mbele ya umati unaojua kuitikia, na pia tamthilia zilizolichukua umbo hilo zikaacha mbishi awe na nguvu.

Tamthilia hizo zilitoka hasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako idara ya sanaa za maonyesho ilianzishwa mwaka 1967. Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile, iliyochapishwa 1969. Penina Muhando, ambaye wengi wanamjua pia kwa jina la Mlama, alitoa Hatia mwaka 1972, kisha Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu na Pambo. Mwaka 1982 yeye, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walichapisha Harakati za Ukombozi, tamthilia inayofuata mapambano ya wananchi tangu ukoloni kwa ngoma na nyimbo, na haitui mzigo inapofika Uhuru. Inaendelea kuuliza nani amekula matunda. Mwaka huohuo Muhando alitoa Nguzo Mama. Humo wanawake wa kijiji cha Patata, wanaoitwa kwa namba tu, Bi Moja, Bi Pili, hadi Bi Nane, wanajaribu kuisimamisha nguzo iliyolala chini, na Bi Msimulizi anatuongoza kwa masimulizi na nyimbo. Wanavutana, wanashindwa, wanaanza tena. Hadi mwisho nguzo haijasimama.

Tazama tofauti iliyopo na ngonjera ya sherehe. Katika Nguzo Mama hakuna aliyeelimika anayekuja kumaliza ubishi. Mwaka 1982 huo ulikuwa ujasiri mkubwa, kwa kuwa nchi ilikuwa imezoea michezo inayomalizika kwa makofi na ahadi. Ndiyo maana tamthilia hiyo inasomeka leo bila kuhitaji maelezo ya historia. Mjane wa mchezo huo anayenyang'anywa mali na ndugu wa mume yupo Tengeru, yupo Mbauda, na kesi yake iko kwenye baraza la kata wiki hii.

Miaka ya 1980 ilileta upungufu wa bidhaa, foleni, na mwaka 1986 mkataba na Shirika la Fedha la Kimataifa. Makundi ya taifa yalikuwa yamekwisha vunjwa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikaanzishwa mwaka 1981. Nafasi yao ikajazwa na vikundi vilivyotafuta riziki kwa viingilio: Muungano cha Norbert Chenga, na baadaye Tanzania One Theatre cha John Komba. Onyesho lao lilikuwa karamu ya kila kitu: ngoma, sarakasi, kichekesho, kwaya, mwisho taarabu ya kushindana, mashabiki wakitunza waimbaji kwa noti. Wasomi wengine waliwadharau. Mimi nadhani waliokoa jambo la maana, yaani mazoea ya Mtanzania kulipa pesa yake mwenyewe ili aone hadithi, wimbo na mchezo kwenye jukwaa moja.

Wakati huo Azimio lenyewe lilikuwa linaondoka. Miiko ya uongozi iliyotangazwa Arusha ilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, chama kilichoirithi TANU, ilikutana Zanzibar na kulegeza masharti hayo. Kuanzia siku hiyo kila tamthilia ya zamani iliyozungumzia miiko ilianza kusema jambo ambalo mtunzi wake hakulipanga. Mchezo ulioandikwa kumwonya kiongozi asipangishe nyumba, ukiigizwa leo mbele ya watazamaji wa Njiro, hauonyi tena mtu. Unaweka mbele yao nchi iliyowahi kukusudiwa, wailinganishe wenyewe na iliyopo. Maneno hayajabadilika hata silabi moja. Aliyebadilika ni mtu aliyekaa kwenye kiti.

Majirani zetu wamekwisha lithibitisha jambo hili jukwaani. Mwaka 1977, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, wakulima na vibarua wa Kenya waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ iliyojaa nyimbo na ngoma, katika ukumbi wa wazi walioujenga kwa mikono yao. Baada ya wiki chache serikali iliipiga marufuku tamthilia hiyo. Tarehe 31 Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa, akawekwa kizuizini bila kushtakiwa. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Mwezi Mei 2022 tamthilia hiyo ilipanda tena jukwaani jijini Nairobi, kwa Kigĩkũyũ na kwa Kiingereza, mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawakuwa wamezaliwa ilipopigwa marufuku.

Kiini cha mchezo ni hati ya shamba la ekari moja na nusu. Kiguunda ameitundika ukutani kama watu wengine wanavyotundika picha ya arusi. Tajiri Kioi anamshawishi afunge ndoa kanisani, gharama zinahitaji mkopo, mkopo unahitaji dhamana, na hati inashuka kutoka ukutani isirudi. Kwa wasomaji wa Kiswahili ipo tafsiri yenye jina la Nitaolewa Nikipenda. Ninaposoma tafsiri hiyo huwaza watu wa Poli na Akeri, ambako kihamba cha migomba na kahawa kimegawanywa kwa wana na wajukuu hadi mtu ana vipande vya kuhesabu kwa hatua, na ambako hati ikipatikana tu, huja na mtu wa kuhimiza mkopo. Mmeru hahitaji kufundishwa kwa nini Kiguunda anaitazama hati yake kila asubuhi. Babu yake alihamishwa Engare Nanyuki.

Jambo hili la mchezo wa zamani kumgusa mtazamaji mpya liko hata katika michezo ya mbali inayochukuliwa na wengi kuwa burudani ya matajiri. Fiddler on the Roof ilifunguliwa New York mwaka 1964, ikaonyeshwa Broadway mara zaidi ya 3,000. Ni hadithi ya Myahudi maskini, muuza maziwa katika kijiji cha Urusi, ambaye mabinti zake wanachagua waume wenyewe, na mwishowe kijiji kizima kinapewa siku tatu kuhama. Ilipopelekwa Tokyo mwaka 1967, Wajapani waliiona kuwa ni hadithi yao kiasi cha kushangaa kwamba Wamarekani nao wanaielewa. Mwaka 2018 ilirudi New York kwa Kiyidi, lugha ya wanakijiji wale wenyewe, na watu walioijua wimbo baada ya wimbo waliisikia upya. Nina hakika mzee wa Engare Nanyuki angeielewa sehemu ya mwisho bila mkalimani, na kuhusu mabinti angekuwa na mengi ya kusema juu ya mahari.

Chini ya mlima wetu upo mfano wa namna wimbo wa zamani unavyosafiri. Chuo cha theolojia cha Makumira, kilichofunguliwa mwaka 1954 karibu na Usa River, kiliwakusanya wanafunzi kutoka kila pembe ya nchi. Mwalimu wao Howard Olson, Mmarekani aliyefundisha hapo kwa miaka mingi, aliwahimiza walete sauti za nyumbani kwao badala ya kutegemea tenzi za Ulaya peke yake. Mwaka 1966 mwanafunzi Bernard Kyamanywa, aliyetoka Bukoba, alitunga Mfurahini, Haleluya. Ni igizo dogo ndani ya wimbo: kaburi liko wazi, malaika anazungumza, habari inapelekwa. Olson aliuweka kwa Kiingereza, Ulrich Leupold akautia Kijerumani mwaka 1969, na leo ni wimbo namba 116 katika kitabu cha nyimbo cha makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Misheni ilileta nyimbo kutoka Leipzig hadi Nkoaranga. Makumira ikarudisha yake, nayo inaimbwa kila Pasaka huko ilikokwenda. Chuo hicho, sasa Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, kinafundisha muziki kwa kiwango cha shahada, na wanafunzi wake wanajifunza ngoma pamoja na kinanda.

Kwa hiyo waimbaji wapo. Watazamaji nao wapo, na hawafanani na wale wanaotajwa na wanaolalamika kuwa vijana hawapendi sanaa ya zamani. Arusha ndiyo ngome ya hip hop ya Kiswahili. X Plastaz waliibuka hapa miaka ya 1990, wakaunganisha mistari yao na uimbaji wa Kimaasai wa Yamat Ole Meipuko, na albamu yao Maasai Hip Hop ikatoka mwaka 2004. Baada yao wakaja Nako 2 Nako, Joh Makini na kundi la Weusi. Kijana wa Ngarenaro anayesimama kwenye duara la wenzake, akasikiliza mistari ya mpinzani, kisha akajibu kwa vina vikali huku umati ukiitikia, anafanya kazi ambayo Mnyampala angeitambua kwa sekunde moja. Tena anaifanya vizuri kuliko shule zetu za zamani, kwa sababu mpinzani wake hajaandikiwa kushindwa.

Ndiyo sababu sikubaliani na wanaotaka tamthilia hizi zihifadhiwe kama zilivyo, mavazi ya mwaka 1975 na mapigo ya mwaka 1975. Heshima ya namna hiyo inaziua. Sikubaliani pia na wanaotaka maneno yabadilishwe ili yaendane na wakati, waingize simu janja na bodaboda kila ukurasa ili vijana wacheke. Maneno yaachwe. Mtazamaji ana akili ya kuvuka miaka 40 mwenyewe.

Ningepewa nafasi ya kuchagua, ningeanza na Nguzo Mama. Nisingeipeleka kwenye hoteli. Ningeiweka kwenye bwalo la shule au ukumbi wa kanisa, Jumamosi mchana, ili wanawake wa soko la Kilombero waweze kufika baada ya kufunga biashara mapema na kurudi nyumbani kabla ya giza. Bi Msimulizi ningemtafuta miongoni mwa vijana wa mistari wa Unga Limited, binti mwenye pumzi ndefu asiyeogopa umati. Wanawake wanane wangetoka kwenye kwaya za mitaa, kwa kuwa wanajua kusikilizana na pia wanajua kugombana. Maneno yangebaki ya Muhando, yote. Sauti za nyimbo wangezileta waimbaji wenyewe kutoka kwao, Kimeru, Kimaasai, Kichaga, Kipare, kama Olson alivyowaomba wanafunzi wake. Na nguzo ikibaki chini mwishoni, kama ilivyoandikwa, nisingemruhusu mgeni rasmi kupanda kutoa nasaha. Kipaza sauti kingeenda moja kwa moja kwa akina mama waliokaa mbele, waeleze ni nani kati ya wale wanane aliyekosea, na wabishane hadi wachoke.